Mahali pa Tela

Kwenye kona iliyo chini ya kanisa, tela likakataa. Land Rover ilinguruma, ikatoa moshi mweusi, lakini tela lilikuwa limekwisha kulaza gurudumu moja mtaroni na halikuonyesha dalili yoyote ya kutaka kufika Mwika siku hiyo. Nyuma yake, juu ya pikipiki, Anyesi alikanyaga breki, akashusha mguu kwenye tope na kuvua helmeti.

Alitaka kusema, "Nilikwambia." Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi, akayameza. Mwanamke anayempenda mtu hujifunza kumeza maneno, na Anyesi tangu ampende Ndelilio alikuwa amemeza ya kumshibisha.

Ndelilio akashuka, akalitazama gurudumu, kisha akamtazama yeye.

"Usiseme."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Akamsogelea, akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba, taratibu, kama vile barabara ilikuwa yao wawili na nyuma hakukuwa na bodaboda anayepiga honi. Anyesi akaona aibu, akacheka. Macho ya mwanamume huyo yalikuwa yakimfanyia hivyo tangu siku ya kwanza alipoingia gereji ya Soweto, mjini Moshi, na kiti cha pikipiki kilichochanika, akauliza kama kuna fundi wa kushona, akaonyeshwa binti mwenye sindano ndefu na kilemba cha bluu. Kiti kilikwisha kushonwa siku ileile. Ndelilio aliendelea kuja kukidai wiki nzima.

"Rudisha nyuma kidogo," Anyesi alisema. "Kata kushoto ili tela liende kulia. Mimi nitakuelekeza."

"Najua."

"Ungejua usingekuwa mtaroni."

Walilitoa kwa jasho na kwa msaada wa yule bodaboda, ambaye alishukuriwa na kwenda zake akitikisa kichwa. Wakaendelea kupanda.

Mambo yalikuwa hivi. Ndelilio alikuwa akiongoza wageni wanaopenda kuizunguka nchi kwa pikipiki. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakishafunga ndoa wataifanya kazi hiyo pamoja: yeye mbele na pikipiki yake na wageni, Anyesi nyuma akiendesha gari la kulala, lenye jiko, maji, vipuri na kitanda chao. Pikipiki ikichoka, au mvua ikizidi, inapanda garini na wote wanasafiri chini ya bati moja. Ndoto ilikuwa hiyo. Ugomvi, kama kawaida ya ndoto zote, ulikuwa gari gani.

Kulikuwa na Fuso la boksi, lakini pikipiki ingelala chumbani nao na petroli ingewanukia usiku kucha. Kulikuwa na Coaster kuukuu pale gerejini. Ndelilio alitaka kuifungia keria ya chuma nyuma, Anyesi akamwambia uzito wote ule nyuma ya tairi za nyuma utainua pua ya gari mlimani na usukani utakuwa hauna habari na barabara. Afadhali kuikata mlango mpana nyuma, kuinua kitanda juu na kuisukuma pikipiki chini yake kwa ubao, na ukuta wa bati katikati kuzuia harufu. Alichora kitanda hicho kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. Ndelilio alilala palepale chini apimwe miguu, mafundi wakawacheka.

Kisha, ghafla, likatokea tela. Lilikuwa la mzee mmoja wa Kiholanzi aliyerudi kwao, lina kitanda, kabati na madirisha yenye mapazia. Ndelilio alilipenda kupita kiasi. Lingevutwa na Land Rover ya marehemu baba yake, pikipiki ikikaa kwenye mkono wa mbele wa tela.

"Tunalijaribu tu," alisema asubuhi ile. "Likipanda kwa mama, litapanda popote."

Anyesi aliona ni jaribio la haki. Kwa hiyo alikubali.

Mama Isack aliwapokea uani, amevaa sweta juu ya kitenge. Huyu ndiye mama yake Ndelilio, na Anyesi alikuwa akimwogopa. Hakuwahi kumtukana, lakini siku ya kwanza alimuuliza kihamba cha kwao, shamba la ukoo, kiko wapi. Alipojibiwa kwamba baba alitoka Singida akafanya kazi kwenye shamba la miwa, na kwamba wamekulia kwenye nyumba za kampuni, aliitikia tu "Aha," akaendelea kumenya ndizi. "Aha" hiyo ilikuwa imemkaa Anyesi kifuani mpaka leo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Poleni na barabara." Akamshika mikono yote miwili, akamvuta karibu. "Umelowa. Ingia jikoni upate moto, mtori uko tayari."

Mwanangu. Anyesi hakujua aweke wapi neno hilo. Alikuwa amelisubiri muda mrefu hata lilipokuja lilimtia wasiwasi.

Nyuma yao Land Rover haikuzimwa. Ndelilio hakuuliza aegeshe wapi. Aliupita ua moja kwa moja, akalivuta tela kati ya mibuni, akaingia kwenye migomba. Anyesi akamfuata kwa miguu akidhani amepotea.

Hakuwa amepotea. Katikati ya kihamba palikuwa na uwanja mpya. Migomba ilikuwa imekatwa na visiki bado vilikuwa vikitoa maji. Mawe bapa yalikuwa yamepangwa vizuri, mawili kwa mawili, na magurudumu ya tela yalipanda juu yake bila kusumbua, maana yalipangwa kwa kipimo chake. Waya wa umeme ulikuwa umevutwa kutoka nyumba kubwa. Hata bomba la maji lilikuwapo, limefunikwa na kopo.

"Limekaa," Mama Isack alisema kwa furaha. "Niliogopa litakuwa kubwa. Lakini huyu alipima mwenyewe, Jumapili nzima ile yuko hapa anapanga mawe, hata kanisani hakwenda." Akamgeukia Anyesi. "Utakuwa karibu na jiko langu. Yeye akienda na wageni wake, sisi tutabaki wawili. Sitakusumbua, mwanangu. Nitakuwa nagonga mlango kabla ya kuingia."

Akaenda kuleta mtori, akitembea haraka kuliko umri wake.

Mvua nyepesi ilikuwa ikianguka juu ya majani ya migomba. Ndelilio alishuka, akainama kwenye pini ya tela, akajifanya anaikagua.

"Jumapili uliniambia uko na wageni Marangu," Anyesi alisema.

"Anyesi, nisikilize."

"Nasikiliza. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Unafanya nini?"

Ndelilio akajinyoosha. "Napanga mawe."

Sauti ya Anyesi ilitoka ya chini, na hilo lilimwogopesha Ndelilio kuliko kama angepiga kelele.

"Na ile chaki? Umelala kwenye sakafu yenye oili nikupime miguu. Kumbe mahali pangu umeshapasawazisha huku."

"Sikuwa nakuchezea. Coaster niliipenda kweli."

"Ila tela ulilipenda zaidi. Sasa naelewa kwa nini." Akalipiga bati la tela kwa kiganja. "Coaster ikiondoka imeondoka yote, na mimi nimo ndani yake. Hili unachomoa pini moja, unaliacha. Unaniacha na mimi ndani, na mapazia."

"Ni kwa muda tu. Mpaka biashara ishike."

"Ikishashika?"

Ndelilio akaishika tena ile pini.

"Ndelilio, ikishashika?"

"Mama yuko peke yake," alisema. "Kaka Isack yuko Dar, tunamwona Desemba. Mimi ndiye mtoto wa mwisho. Unajua kwetu ilivyo. Wa mwisho nyumba ya mama ni yake, na mama ni wake. Kila nikija ananiuliza nitaleta mtu lini. Juzi nimemkuta anaongea na ng'ombe. Siyo anamfukuza, Anyesi. Anamsimulia."

Ilimgusa. Haikumgusa kidogo. Angeambiwa habari hiyo wiki iliyopita, wamekaa pale gerejini na soda zao, huenda yeye mwenyewe angesema wafikirie namna. Ndiyo maana hasira yake ilizidi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nikatae nikiwa nimeshafika."

"Nilitaka wote mfurahi."

"Ulitaka wewe usione mtu anayekukasirikia." Akavuta pumzi. "Mimi nimekulia kwenye nyumba ya kampuni, unajua. Baba alipostaafu tuliambiwa tutoke, na mama yangu akatoka na sufuria kichwani mbele ya majirani. Nilikusimulia nikilia. Nilikwambia sitaki tena kukaa mahali kwa hisani ya mtu. Nataka kitu ambacho usukani nimeshika mimi. Ukanishika mkono, ukasema umenielewa."

"Nilikuelewa."

"Basi ni mbaya zaidi."

Akageuka aondoke. Ndelilio akamwita, hakugeuka. Akamwita tena, na mara akasikia hatua zake zikikimbilia kwenye masale yaliyooteshwa mpakani mwa kihamba. Aliporudi alikuwa na jani moja la kijani, refu, ameshalifunga fundo. Akasimama mbele yake njiani, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Anyesi hakuwa Mchaga, lakini alizaliwa Moshi, akasoma Moshi, na sale alilijua. Aliyeletewa jani hilo hasemi hapana. Watu wameachiliana mashamba na damu za ndugu zao mbele ya sale, na anayelikataa hutazamwa na ukoo mzima kama mtu asiye na utu. Alilitazama lile fundo, akamtazama Ndelilio, macho yake mazuri yamejaa machozi ya kweli, na akatambua jambo. Mwanamume huyu hakuwa akiomba radhi. Alikuwa akifunga mjadala.

"Pokea," Ndelilio alinong'ona. "Tafadhali. Tutazungumza vizuri baadaye."

Mkono wa Anyesi ulianza kuinuka. Angefanya nini? Alikuwa kwenye kihamba cha watu, mbele ya kaburi la baba yake Ndelilio lililoonekana pale kati ya migomba, na alikuwa akimpenda.

"Ndelilio. Shusha hilo jani."

Mama Isack alikuwa amesimama na sinia la bakuli za mtori. Hawakujua alikuwapo tangu lini. Akaliweka sinia juu ya ngazi ya tela, akamkaribia mwanawe, na uso wake haukuwa ule wa uani.

"Sale unachuma hapo kama mchicha?"

"Mama, namwomba msamaha."

"Unamziba mdomo. Sale linabebwa. Mtu mzima analibeba mpaka nyumbani kwa aliyekosewa, kosa linatajwa mbele ya watu, wanalisikia, ndipo linapokelewa. Baba yako alinikosea mara moja, wakanibebea mpaka kwa baba yangu kule Mamba, na alitaja mwenyewe alichofanya huku anatetemeka. Wewe umetaja nini?"

Ndelilio akainamisha kichwa. Jani likaning'inia mkononi.

"Taja basi. Umemkosea nini huyu binti?"

Hakutaja. Mama Isack akamgeukia Anyesi.

"Aliniambia wewe ndiye uliyechagua tela."

"Sikuchagua, mama. Nilichagua gari. Nilichagua kwenda naye."

"Aliniambia umeomba kukaa na mimi. Nikashangaa. Nikasema, kumbe binti yule nilimhukumu vibaya." Akavitazama visiki vya migomba yake kimoja kimoja. "Nikakata migomba yangu ya mishare."

Hapo ndipo Anyesi alipoacha kumwogopa. Mwanamke huyu naye alikuwa ametapeliwa, na kwa upendo uleule.

"Mama, naomba nikuulize kitu, usinichukie. Baba Isack alikuwa akifanya kazi mbali, wewe uko hapa na watoto. Ulipenda?"

"Nilizoea."

Mama Isack akafuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Lakini hukuniuliza kama nilizoea," alisema taratibu. "Tangu niolewe hakuna aliyeniuliza hilo lingine, la kupenda."

Anyesi akainama, akachukua bakuli moja, akanywa mtori wote akiwa amesimama, kwa sababu hasira yake haikuwa na mama na hakutaka iaminike hivyo. Ulikuwa mtamu, wa ndizi na nyama laini, wa mtu aliyepika kwa matumaini. Alirudisha bakuli kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Nisamehe kwa migomba."

"Inaota," Mama Isack alisema.

Ndelilio alimfuata mpaka kwenye pikipiki. "Unakwenda wapi?"

"Gerejini."

"Kufanya nini, leo Jumamosi?"

"Kufuta chaki." Akavaa helmeti, na alishukuru kwamba ilimficha macho. "Nataka niifute mwenyewe kabla mafundi hawajaniuliza kitanda kinaundwa lini. Nikishaifuta, ujue tumemalizana."

Akapiga stata. Alishuka kwenye tope kama mtu anayefukuzwa, na alipofika kwenye ile kona ya chini ya kanisa hakuona tena njia. Hakulaumu mvua. Akaegesha pembeni, akavua helmeti, akalia kwa sauti kama mtoto, huku mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akimpita na kumwambia pole bila kusimama.

Alimpenda mno. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi, angepokea lile jani na kumcheka rohoni.

Kisha akaisikia Land Rover. Injini ile aliijua, na nyuma yake akasikia mlio wa bati na kabati zinazogonga. Linashuka na tela. Anyesi akafuta uso haraka, akasimama katikati ya barabara, hajui kama anataka kulizuia au kulipisha.

Ndelilio akasimamisha gari, akashuka. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini, kiganja kimoja kimechunika.

"Nalirudisha," alisema. "Mawe nimeyang'oa."

"Mama amekuamuru?"

"Mama alinyamaza. Alikwenda ndani akafunga mlango. Nimeyang'oa peke yangu." Akasimama hatua kadhaa mbali naye, hakuthubutu kumgusa. "Umesema niliogopa mtu wa kunikasirikia. Ni kweli. Niliogopa kumwambia mama hapana. Niliogopa kukuacha wewe uchague. Nikaona wewe ndiye rahisi kumdanganya kwa sababu unanipenda. Ndilo kosa langu, Anyesi. Nilitumia mapenzi yako kama ngazi."

Neno hilo ndilo Anyesi alilokuwa akilitafuta tangu kihambani, na sasa limetoka kinywani mwa aliyemuumiza.

"Imeniuma," alisema.

"Najua."

"Bado inaniuma."

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Mama Isack akatoa kichwa. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kilemba chake kizuri, na mapajani ameshika kitambaa cheupe. Pembeni ya kitambaa ilichungulia ncha ya jani la kijani.

"Baba yako yuko nyumbani leo?"

"Yuko, mama. Shirimatunda."

"Basi tangulia ukamwambie wageni wanakuja. Usimwambie kwa nini, atasema huyu mwenyewe." Akamtazama kwa macho makavu ya mtu aliyeshamaliza kulia kwake ndani. "Na sikiliza. Nikishafika na hiki nilichoshika utalazimika kupokea, ndiyo desturi yetu, hata kama hujawa tayari. Mpaka nifike, bado una haki ya kukasirika. Ukitaka nisifike, pitia kule kwenye chaki yako. Nisipokukuta kwa baba yako nitajua, nitarudi nyumbani kwangu, na hakuna atakayekusema vibaya kijijini mbele yangu."

Ndelilio alitaka kusema neno. Mama yake akainua kidole kumzuia.

Anyesi akapanda pikipiki, akatangulia. Njia nzima ya Himo alikasirika kwa bidii, akikumbuka kila kitu: Jumapili ile, mawe, waya wa umeme, soda walizokunywa huku mwenzake anajua. Nyuma kabisa, kwenye kioo, Land Rover na tela lake vilikuwa vikimfuata kwa mbali, haviharakishi. Mvua ikakatika. Miwa ikaonekana kule bondeni, kijani mpaka mwisho wa macho, mahali alipokulia pasipokuwa pake.

Alipoingia mjini, mahali pa kukunja kwenda Soweto, akawasha indiketa. Akapunguza mwendo. Gereji ilikuwa palepale karibu, ufunguo wa mlango mdogo anao mfukoni, na kufuta chaki si kazi ya kuchosha mtu. Nyuma yake Land Rover nayo ikapunguza mwendo, ikasimama pembeni ya barabara, ikasubiri.

Akaitazama kwenye kioo muda mrefu, watu wakimpigia honi. Kisha akaizima indiketa, akanyoosha kwenda kwa baba yake.